Watu wanne, mfuko mmoja

Vijana wa shule hutuuliza mara nyingi: Je, mtu asiye na mali aweza kwenda kuiona nchi ya wengine, si kwa biashara wala kwa kukimbia vita, bali kwa kutazama na kujifunza tu? Wazee wengi hujibu upesi kwamba mambo hayo ni ya Wazungu, wale wanaopita na mifuko mikubwa mgongoni. Sisi hatukubali. Katika likizo ya mwaka 2019 tulikwenda watu wanne, rafiki tangu shule ya misioni, toka Kalemie hata Bagamoyo, tukaikata nchi ya Tanzania toka ziwani hadi baharini, kwa fedha ambazo tajiri huzimaliza katika siku mbili tatu. Tulifika, tukarudi wazima. Walakini jambo tulilojifunza si lile tulilolifuata, na katika habari hii mna sehemu inayotuaibisha. Tutaisimulia kama ilivyokuwa, maana habari ya safari isiyo na aibu hata moja yafaa kutiliwa shaka.

Kwa nini njia ile

Kati yetu wawili ni walimu: sisi tuandikao, na mwenzetu afundishaye hesabu. Wa tatu ni muuguzi wa dispensari. Wa nne ni seremala, mdogo kuliko sote, aliyeacha masomo kwa sababu baba yake alifariki na nyumba ikabaki bila mlezi. Sote twamwita Fundi, nasi tutamwita hivyo hapa.

Tuliichagua njia ya Bagamoyo kwa sababu ndiyo njia iliyotuletea Injili. Mwaka 1878 wamisionari kumi waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, waliondoka Bagamoyo pamoja na wapagazi wao. Watano walikuwa wa Nyanza, watano wa Tanganyika. Padri Pascal, mkubwa wa wale wa Tanganyika, akafa njiani. Wenzake wakaendelea, wakafika Ujiji katika Januari 1879, na kutoka huko wakavuka ziwa wakaja kwetu. Mwaka 1885 walikuwa Mpala. Mwaka 1893 wakaanzisha Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo. Na huko Baudouinville, mwaka 1917, Stefano Kaoze akapewa upadri, Mkongo wa kwanza kuupata katika nyakati hizi zetu. Basi tulisema: imani ilikuja kwetu toka baharini, twende sisi tukaitazame njia yake, tukiifuata kinyume, toka kwenye matunda hadi kwenye mzizi.

Mapatano

Mapatano yetu yalikuwa haya: fedha zote zitiwe katika mfuko mmoja, mtu asibaki na akiba yake mwenyewe, kila kitu kinachonunuliwa kiandikwe daftarini. Sisi tuandikao tulichaguliwa kuushika mfuko, na mwalimu wa hesabu kulishika daftari. Watatu tulileta kila mtu dola 90. Fundi alileta 55, akasimama mlangoni akizifumba mkononi kwa haya. Mwalimu wa hesabu akazipokea, akaandika jumla tu, 325, bila kuandika nani ameleta ngapi. Akasema: «Mfuko mmoja hauna majina.»

Sasa tuseme la aibu mapema. Usiku ule ule, nyumbani, tulishona dola 60 ndani ya koti letu jeusi, chini ya kwapa la kushoto. Msomaji asidhani kwamba wote wanne walishona: hapa «sisi» ni mkono mmoja tu. Tulijiambia kwamba fedha hizo ni za kitambaa cha mama watoto, tena kwamba mshika mfuko mwenye busara hakosi kuwa na akiba ya siri. Mtu anayetaka kuvunja neno lake hapungukiwi na sababu.

Chandarua cha nne

Huko Kalemie tulingojea meli siku tano. Ndiyo desturi ya msafiri maskini: tajiri hulipa fedha, maskini hulipa siku. Tulilala katika ukumbi wa parokia kwa barua ya paroko wetu, juu ya mikeka, tukapika wenyewe katika sufuria moja: bukari, ndagala, sombe, na jioni chai isiyo na maziwa. Kwa namna hii chakula cha watu wanne hakikuzidi gharama ya sahani moja ya hotelini.

Siku ya pili Muuguzi akataka tununue vyandarua vinne. Sisi mshika mfuko tukasema vitatu vyatosha, maana vilipanda bei, tena safari ni ndefu. Fundi, kama ilivyo desturi ya mdogo kati ya wakubwa, akasema: «Mimi mbu wamenizoea.» Tukamsifu kwa uvumilivu wake, tukatia dola chache mfukoni, tukajiona watu wenye akili. Ndivyo uchumi mbaya unavyovaa nguo za uchumi mzuri.

Siku ya tano tulipata nafasi katika meli ya mizigo, juu ya magunia. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake kinafika meta 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolishinda kwa kina. Lakini usiku usio na mwezi mtu haoni urefu wala kina. Aonacho ni taa za wavuvi wa ndagala, nyingi mno, zimetawanyika juu ya maji meusi, kwa kuwa samaki hao hufuata mwanga. Tulisali Rozari tukizitazama. Muuguzi alisema kwamba hakuwahi kuona sala yenye mishumaa mingi namna ile.

Ng'ambo wanasema Kiswahili gani

Treni ya Kigoma haikuwa tayari, tukakaa siku sita, tukilala Ujiji. Huko tulijifunza kwamba lugha moja ina vyumba vingi. Bukari yetu wao waiita ugali. Sombe ni kisamvu. Lengalenga ni mchicha. Ndagala ni dagaa. Siku ya kwanza tulimsalimu mzee mmoja sokoni kwa «Jambo, baba,» tukifikiri ni heshima. Yeye akatutazama kimya, ndipo mtoto wake akatufundisha: mkubwa huambiwa «Shikamoo,» naye hujibu «Marahaba.» Tulirudi tukamwamkia upya. Uso wake ukafunguka, akatukatia nanasi, akakataa kulipwa. Neno hilo moja lilitufaa kuliko fedha katika safari yote, nasi twalikabidhi kwa kila kijana atakayevuka ziwa.

Mahali pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 pana jiwe la kumbukumbu na miembe yenye kivuli kizuri. Tulilitazama jiwe. Lakini kilichotushangaza zaidi ni watu. Wengi wa Ujiji hujiita Wamanyema. Babu zao walitoka ng'ambo yetu, katika nchi ya Maniema, wengine wakiwa wafanya biashara, wengine wapagazi, wengine watumwa katika misafara ya pembe za ndovu. Tulikuja kama wageni, kumbe tumekuja kwa jamaa za watu wetu.

Katika gari la moshi

Reli ile ilijengwa na Wadachi. Toka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ina kilometa 1,250 hivi. Tulipanda daraja la tatu. Humo watu hukaa bega kwa bega, mizigo chini ya miguu, kuku chini ya mizigo. Ajabu ni kwamba katika msongamano ule hakuna anayekula peke yake: mtu akifungua kifurushi chake humkaribisha jirani kwanza.

Mbele yetu alisimama bibi kizee mmoja, Mwislamu, na madebe mawili ya mawese na gunia la dagaa. Fundi akainuka akampa kiti chake, naye akasimama. Tulipita Uvinza, mji wa chumvi tangu zamani za kale, na usiku ulikuwa umeingia kabisa Fundi alipoanza kutetemeka.

Muuguzi akamgusa shingo, akampa maji, akahesabu siku kwa vidole. Akatueleza kwamba malaria haimwangushi mtu kesho yake baada ya kuumwa na mbu. Vijidudu hukaa kwanza katika ini siku saba na zaidi, ndipo huingia katika damu. Kisha akasema: «Mbu huyu si wa Ujiji wa jana. Huyu ni wa Kalemie.» Alipokuwa akisema hakututazama. Hakuwa na haja ya kututazama.

Yule bibi aliinuka, akamlaza Fundi juu ya kile kiti alichompa, akamfunika kwa kanga yake. Hata alfajiri alikuwa amesimama.

Tulipofika Tabora akatuuliza: «Mtampeleka wapi mgonjwa?»

«Misioni, bibi.»

«Misioni mwende na mzigo huu, na jua linakuja? Kwangu ni karibu. Nyinyi si watu wa ng'ambo? Mama wa bibi yangu alizaliwa ng'ambo. Twendeni, wajukuu zangu.»

Tukampeleka Fundi kwanza kwa Bibi, apumzike penye kivuli, na kabla ya saa sita hospitalini. Damu ikapimwa: malaria, tena ile kali. Wakamtia sindano za artesunate na maji ya mshipa. Jioni alikuwa hatutambui, akaita jina la marehemu baba yake.

Usiku chini ya mwembe

Muuguzi alikaa na mgonjwa hata saa mbili za usiku, kisha akaja tukafanya baraza uani kwa Bibi. Mwalimu wa hesabu akafungua daftari. Zilibaki dola 141. Kurudi nyumbani watu wanne, 90. Hospitali na dawa, 35. Kwa hiyo zilibaki 16, nazo hazikutosha kumfikisha hata mtu mmoja baharini. Akasema: «Bagamoyo imekwisha. Akipona, turudi.»

Ndipo sisi tuandikao tulipofungua kinywa. Tulisema kwamba si haki safari ya wanne ife kwa ugonjwa wa mmoja. Kila mtu na achukue sehemu yake. Muuguzi abaki na mgonjwa, ndiyo kazi yake. Walimu wawili waende mbele, warudi kuwachukua. Tulisema kwa sauti ya upole, kama mtu anayeshauri jambo la busara. Kisha tukaongeza neno ambalo hata leo likitujia usiku hutuondolea usingizi. Tulisema: «Tena yeye ndiye aliyeleta kidogo kuliko wote.»

Wasomaji wapenzi, wakati tulipokuwa tukisema hayo, dola 60 zilikuwa chini ya kwapa letu.

Mwalimu wa hesabu hakukasirika. Alilifunga daftari, akasema: «Daftari langu halina majina.» Akaingia kulala. Muuguzi akarudi hospitalini gizani, bila kutuaga.

Tulilala kwenye mkeka, lakini usingizi haukuja. Uani taa ilikuwa ikiwaka. Bibi alikuwa akifua shati la Fundi, lile alilolitapikia njiani, ili liwe limekauka asubuhi. Alipomaliza akatawadha, akasali sala zake, akakaa na tasbihi. Blanketi la nyumba ile lilikuwa moja, nasi ndio tuliolifunika. Ilitujia habari ya yule Msamaria wa Injili, ambayo tumeifundisha darasani miaka mingi, tena tukiwapa watoto maksi. Kila mara tulijiweka mahali pa Msamaria. Usiku ule tulitambua kwamba mahali pake pamekwisha kupata mtu, na kwamba sisi tumo miongoni mwa wale waliopita upande wa pili.

Alfajiri Muuguzi aliporudi tulimwomba wembe. Tukakata uzi wa koti mbele yao wote wawili, tukaweka dola 60 juu ya mkeka, tukasema zilitoka wapi. Mwalimu wa hesabu akazihesabu, akaandika: «Zimeingia 60.» Hakuandika zimetoka kwa nani. Muuguzi akauliza: «Ni zote?» Tukajibu: «Ni zote.» Akasema: «Basi tukanywe uji. Homa imeshuka kidogo.»

Siku ile ile tulikwenda misioni kuungama. Hayo mengine ni kati yetu na Mungu.

Malipo ya mlango

Siku ya tatu Fundi alipata akili zake, akauliza kama treni imetuacha. Siku ya nne alitoka hospitalini na vidonge vya dawa mseto, na Muuguzi akamkataza kugusa kazi siku nne nyingine. Siku ya tano alionekana amekaa mbele ya mlango wa Bibi, akiutazama. Mlango ule uliburura chini, hata Bibi alipaswa kuuinua kwa goti kila alipoingia.

Tulikuwa tumejaribu kumlipa Bibi gharama ya chakula. Alikataa mara mbili, na mara ya tatu akakasirika: «Mgeni halipi. Mgeni hurudi.» Basi Fundi, ruhusa ilipopatikana, aliazima randa na msumeno kwa seremala wa jirani, akaushusha mlango, akaukata, akauweka upya. Bibi akaufungua kwa kidole kimoja, akaufunga, akaufungua tena, akacheka kama msichana. Jirani mmoja akaona, akaleta kitanda kilicholegea. Mwingine akaleta viti vya shughuli ya harusi. Wengine walilipa kwa mchele, wengine kwa asali, ambayo ni sifa ya Tabora, na wengine kwa shilingi.

Siku ya kumi mwalimu wa hesabu alifungua daftari chini ya mwembe ule ule. Zile 60 pamoja na kazi ya Fundi zilitosha: watu wanne kwenda pwani daraja la tatu, na akiba ya kurudi. Yule tuliyemwona mzigo ndiye aliyetuchukua. Tuliandika hili kwa unyofu, maana lingekuwa limetungwa tungeona haya kulitunga hivyo.

Bagamoyo

Njia ya toka Tabora hadi Dar es Salaam hatutaisimulia yote: nchi kavu ya Wagogo yenye mibuyu, Dodoma usiku, kisha milima ya Uluguru iliyo buluu juu ya Morogoro, na hatimaye joto la pwani. Toka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilometa 70 hivi kwa basi. Tulifika jioni, tukashuka moja kwa moja ufukweni. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona bahari. Fundi alichota maji kwa kiganja, akayaonja, akayatema, akasema: «Kweli ni chumvi. Nilidhani mwalimu wa jiografia alitudanganya.»

Wenyeji hulieleza jina la mji kwa maneno «bwaga moyo.» Wengine husema mpagazi alifika hapa na pembe zake, akautua mzigo, moyo ukapumzika. Wengine husema mtumwa alifika hapa, akauacha moyo wake bara, maana mbele yake palikuwa na jahazi tu. Neno ni moja, na machozi ni ya namna mbili.

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868, wakajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa, wakiwafundisha dini, kulima na kazi za mikono. Majengo ya kale yangaliko, pamoja na makaburi ya wamisionari wa kwanza, wengi wao waliokufa vijana. Katika nyumba ya makumbusho tuliona minyororo ya shingoni. Fundi aliitazama sana, akasema fundi aliyeitengeneza alijua kazi yake, na kwamba hilo ndilo linalotisha.

Lakini kilichotushika ni mnara wa lile kanisa la kale, uitwao leo Mnara wa Livingstone. Livingstone alikufa katika Mei 1873 huko Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu aliosafiri nao, Chuma na Susi na Jacob Wainwright pamoja na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu muda wa miezi tisa hivi, zaidi ya kilometa 1,500. Katika Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, ukalazwa hapo misioni, kabla ya kupakiwa kwenda Uingereza.

Wamefika wapi katikati ya njia? Tabora. Huko walimkuta msafiri Mwingereza, Cameron, akawashauri wamzike papo hapo, maana njia ya mbele ilikuwa na hatari. Lilikuwa shauri la busara. Wao wakakataa, wakainua tena mzigo wao. Tuliposikia hayo tuliinamisha kichwa. Tabora hiyo hiyo, sisi tulitoa shauri la busara la kumwacha mtu aliye hai, hali wale waliona vibaya kumwacha hata maiti.

Jioni ile, chini ya mnara, tulimwambia Fundi kila kitu: chandarua, koti, na lile neno tulilosema usiku. Alisikiliza akichora mchangani kwa kijiti. Kisha akasema: «Yaya, mimi nilijua habari ya koti tangu Kalemie. Koti jeusi, na mshono wa ndani uzi wa buluu. Kazi yangu ni kutazama viungo.»

Tukamwuliza: «Mbona hukusema?»

Akajibu: «Ningesema, ungetoa kwa aibu. Nikasema moyoni, yaya atatoa mwenyewe.» Akanyamaza kidogo, akaongeza: «Lile la kwamba nilileta kidogo, hilo sikulijua. Hilo limeniuma. Litapoa.»

Asubuhi yake tulipokea Komunyo pamoja sote wanne. Hakurudia neno lile tena, wala hatukumwomba aseme kwamba limepoa. Kuna madeni ambayo mwenye kudai ndiye peke yake ajuaye siku ya kuyafuta.

Kwa wanaotaka kwenda

Kwa kijana atakayetaka kusafiri na rafiki zake kwa fedha kidogo, tunayo haya machache.

1. Wawe watatu au wanne, si zaidi. Watu kumi hupata shida ya kulala na ya kukubaliana.

2. Mzigo wa kila mtu uwe ule awezao kuuchukua saa mbili bila kupumzika: nguo mbili, sufuria moja ya wote, sabuni, dawa, tochi, na karatasi zake za njia zilizo kamili. Karatasi isiyo kamili ni ghali kuliko tiketi.

3. Aombe barua kwa paroko wake, naye akifika mahali ajitambulishe kabla ya kuomba.

4. Ajifunze salamu za watu wa huko kabla ya kujifunza bei zao.

5. Maji yachemshwe, na kila mtu awe na chandarua chake.

6. Mfuko uwe mmoja, daftari liwe wazi, na anayeshika fedha asiwe ndiye anayeandika. Kama mtu anataka akiba yake mwenyewe, aseme mbele ya wote, na si dhambi. Kosa si kuwa na akiba. Kosa ni kusema huna.

7. Apatanishe na wenzake kabla ya kuondoka: Mmoja wetu akiugua, tutafanyaje? Shauri hilo likifanywa nyumbani ni jepesi. Likifanywa usiku chini ya mwembe ni zito.

Tangu mwaka 2024 treni mpya ya umeme inakwenda toka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache, na sehemu hiyo ya njia haifanani tena na ile tuliyoipita. Kwa upande wetu, vita vimezifunga njia nyingi za mashariki ya Kongo. Ambaye njia yake imefungwa asijitie hatarini kwa ajili ya kutazama nchi. Aanze na parokia ya jirani. Huko nako kuna wageni na wenyeji, na mfuko mmoja unaweza kuchukuliwa hata kwa siku mbili.

Wazee wetu wamesema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tulikuwa tukiitumia methali hii kuwapima wengine. Tangu Tabora tumejifunza kujipima wenyewe. Nenda basi, kijana, ukaone nchi ya Mungu na watu wake. Na siku ya kununua vitu sokoni, mdogo wenu akisema kwamba mbu wamemzoea, msimsifu. Nunueni chandarua cha nne.